Macho ya Manjano Yasingoje Mwisho wa Mwezi

Tarehe 13 Julai, 1980, alifariki mjini Gaborone Sir Seretse Khama, Rais wa kwanza wa Botswana, akiwa na umri wa miaka 59. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule aliketi katika kiti cha mwenyekiti mjini Lusaka, wakati nchi tisa za kusini mwa Afrika zilipokata shauri kushirikiana katika mambo ya uchumi, ili reli na bandari za Makaburu zisiendelee kuwa kamba shingoni mwao. Mwezi huo huo Zimbabwe ikapata Uhuru. Mtu huyu, ambaye Waingereza walimzuia asikae katika nchi yake kwa miaka kadhaa kwa kosa la kumwoa mwanamke Mzungu, alikuwa ndiyo kwanza aanze kuona mavuno ya kazi yake na ya wenzake wa Mstari wa Mbele. Lakini mwezi wa Juni alikuwa London kwa matibabu, na huko madaktari wakamwambia ya kuwa ana saratani ya kongosho, na ya kuwa imekwisha kufika mahali ambapo hapana dawa. Akarudi nyumbani. Wiki chache baadaye wananchi wakamzika Serowe.

Hatumtaji Seretse ili kufufua msiba wa zamani. Twamtaja kwa sababu hakuwa mtu aliyekosa daktari. Kwa miaka mingi alikuwa na maradhi ya kisukari na ya moyo, na matabibu walikuwa wakimwangalia. Kama adui huyu aliweza kumnyemelea Rais wa nchi, akajulikana siku ambayo kazi yake imekwisha, je, atamfanyia nini mpagazi wa bandarini, au mama anayechuma chai Mufindi, ambaye kati yake na hospitali ya wilaya kuna nauli asiyokuwa nayo?

Tangu siku za TANU tumefundishwa kuyahesabu maradhi pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa. Yafaa basi tumjue adui kwa sura yake, wala si kwa jina tu. Wako watakaouliza kwa nini gazeti la Chama litumie nafasi yake kwa maradhi haya, hali katika nchi yetu saratani za mlango wa kizazi, za matiti, za tezi dume na za umio zinaua watu wengi zaidi. Neno hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba kongosho latufundisha jambo moja ambalo saratani nyingine hazitufundishi vizuri: kwamba maneno "pima mapema", yanayobandikwa siku hizi kila ukuta, hayana maana moja kwa kila maradhi, na anayeyatamka bila kuyaeleza aweza kumpoteza mwananchi badala ya kumwokoa.

Kongosho ni kiungo kinachojificha. Kimelala nyuma ya mfuko wa chakula, kimeuegemea uti wa mgongo, urefu wake kama sentimita 15, na uzito wake kwa kawaida haufiki hata gramu 150. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo. Mkia wake waelekea upande wa kushoto mpaka karibu na bandama. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa maji makali yenye vimeng'enya vya kuyeyusha nyama, mafuta na wanga tulao. Ya pili ni kutoa insulini, ambayo huitawala sukari ya damu. Insulini hutoka katika visiwa vidogo vidogo vya chembe alivyoviona kijana wa Kijerumani, Paul Langerhans, mwaka 1869, asijue wakati ule kazi yake ni nini.

Kwa kuwa kiungo hiki kiko ndani sana, uvimbe wake hauguswi kwa mkono kama uvimbe wa titi, wala hauonekani kwa jicho kama kidonda cha mlango wa kizazi, ambacho muuguzi aliyefundishwa aweza kukitambua kwa taa na matone ya siki. Maumivu yake huja yakiwa yamejivika nguo za wengine. Mgonjwa husema ni vidonda vya tumbo, au ni mgongo kwa sababu ya kubeba mizigo, au ni gesi tu. Hununua dawa za kutuliza tumbo dukani, naye hupata nafuu ya siku mbili tatu. Mwili huanza kupungua, watu humwuliza kama amefiwa au ana madeni.

Hesabu zake zatisha, nasi hatuna sababu ya kuzificha. Katika mwaka 2022 Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba watu kama 510,000 duniani walionekana kuwa na saratani ya kongosho, na kama 467,000 walikufa kwayo. Msomaji ataona jinsi hesabu hizi mbili zinavyokaribiana. Huko Marekani, ambako mashine hazikosekani, kati ya wagonjwa 100 hubaki hai baada ya miaka mitano watu 13 tu. Lakini ukizipasua hesabu hizo, waona jambo jingine. Wale ambao uvimbe wao umepatikana ungali ndani ya kongosho, hawajafikia nusu lakini wanaikaribia, kama 44 katika 100. Wale ambao umekwisha kusambaa kwenye ini au mapafu ni 3 katika 100. Tofauti ya 44 na 3 ndiyo maana ya neno "mapema" katika maradhi haya. Msiba ni kwamba walio wengi huja wakiwa katika kundi hili la pili, na wanaofaa kupasuliwa siku ile ya kujulikana hawazidi 15 au 20 katika 100.

Upasuaji ndio njia pekee yenye tumaini la kuponya. Si kazi ndogo. Mjerumani Walther Kausch aliufanya Berlin mwaka 1909, na Mmarekani Allen Whipple akautangaza New York mwaka 1935, na hata leo waitwa kwa jina lake. Daktari huondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mdogo, mfuko wa nyongo na sehemu ya mrija wake, kisha huunganisha upya mabomba yaliyobaki. Miaka ya 1960 katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani, mgonjwa mmoja katika kila watano hivi hakutoka hai. Leo, mahali ambapo madaktari wanaufanya mara nyingi, wanaokufa hawafiki 5 katika 100. Na mwaka 2018 madaktari wa Ufaransa na Kanada walionyesha ya kwamba wagonjwa waliopasuliwa wakapata nafuu nzuri, wakitiwa dawa nne kwa pamoja baada ya upasuaji, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 54, hali wenzao waliotiwa dawa moja ya zamani nusu yao waliishi miezi 35. Kwa hiyo si kweli, kama wasemavyo watu wa vijiweni, ya kuwa maradhi haya hayana dawa. Dawa ipo kwa anayewahi.

Sasa tuulize: kuwahi ni lini? Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore walizisoma chembe za wagonjwa waliokufa kwa saratani hii, wakahesabu mabadiliko ya vinasaba vyao kama vile mtu ahesabuvyo duara za mti uliokatwa. Walikadiria ya kwamba tangu kinasaba cha kwanza kiharibike hata izaliwe chembe yenyewe ya saratani hupita miaka kama 11, kisha miaka mingine kama 6 au 7 kabla ya chembe hizo kupata nguvu ya kusambaa, kisha miaka miwili au mitatu mpaka kifo. Karibu miaka ishirini! Basi adui huyu haji kama mwivi wa usiku mmoja. Amekaa ndani ya nyumba muda wa kutosha mtoto kuzaliwa na kumaliza shule. Ila kwa muda huo wote, hapana kipimo cha kumwona kwa watu wote.

Hapo ndipo wafanyabiashara wa hofu wanapoingia. Mijini siku hizi kuna vyumba vinavyouza "uchunguzi wa mwili mzima", na kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9 hutajwa kama kwamba ni jicho la kuona kila kitu. Twasema wazi: kwa mtu asiye na dalili yoyote, kipimo hicho hakifai. Hupanda kwa sababu ya mawe ya nyongo, kwa uvimbe wa kongosho usio wa saratani, kwa maradhi ya ini. Wako watu, kama 5 hata 10 katika 100, ambao damu yao haiwezi kukitoa kabisa hata wakiwa na saratani. Kazi yake ya halali ni kumfuatia mgonjwa aliyekwisha kujulikana.

Na tufanye hesabu ndogo ambayo mwuza vipimo hatakufanyia. Tuseme watu 10,000 wasio na dalili wamepangwa mstari, na kati yao mmoja ana saratani ya kongosho. Tuseme tena tunacho kipimo kizuri kuliko vyote vilivyopo, kisichokosea ila mara moja katika kila watu 100. Mgonjwa mmoja atapatikana. Lakini pamoja naye watu 100 wazima wataambiwa wana saratani. Watauza ng'ombe na viwanja wapate kwenda Dar es Salaam au India, watachomwa sindano kubwa za tumboni, na wengine wataumizwa na sindano hizo. Ndiyo sababu mwaka 2019 kamati ya wataalamu wa Marekani inayotoa mashauri ya kinga ilirudia kusema kwamba watu wasio na dalili wala hatari ya kurithi wasipimwe maradhi haya. Hawakusema hivyo kwa ubahili. Nchi tajiri kuliko zote imeona kuwa fedha hizo zitaleta madhara kuliko faida; sisi tutazitupa za nini?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kuwahi saratani ya kongosho si kusimama mstarini ukiwa mzima. Ni kutopoteza siku hata moja pale mwili uliponena, na ni kuwajua wale wachache ambao yapasa waangaliwe kabla mwili haujanena.

Tuanze na dalili iliyo dhahiri kuliko zote. Karibu theluthi mbili za saratani hizi huanzia kichwani mwa kongosho, na katika kichwa hicho hupita mrija wa nyongo ukitoka kwenye ini. Uvimbe ukikua kidogo tu, huubana mrija, na nyongo hukosa njia. Hapo macho huwa ya manjano. Mkojo huwa wa rangi ya chai kavu. Choo hupauka kama majivu au udongo mweupe. Mwili huwasha, hasa usiku. Mara nyingi hapana homa, na wakati mwingine hapana hata maumivu. Katika ubaya wake wote, hii ni rehema, kwa kuwa uvimbe wa kichwani hupiga kengele mapema kuliko ule wa mkiani, ambao hauna mrija wa kuubana na kwa hiyo hukua kimya.

Na kengele hii inasikika bila mashine. Mwaka 1890 mpasuaji wa Basel, Uswisi, jina lake Ludwig Courvoisier, aliandika jambo ambalo hata leo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa: mgonjwa akiwa na macho ya manjano, na mkono wa daktari ukigusa chini ya mbavu za kulia mfuko wa nyongo uliojaa lakini usiouma, yaelekea kilichoziba si jiwe. Mfuko uliokaa na mawe miaka mingi husinyaa, ukawa mgumu, usiweze kutanuka. Uliotanuka kwa ulaini umezibwa na kitu kingine. Mkono mmoja uliofundishwa, kitanda, na mgonjwa aliyelala chali: vitu hivi vipo katika kila zahanati yetu.

Lakini tazama yanayompata mgonjwa kwetu. Siku ya kwanza jirani husema, "Hiyo ni nyongo, anywe maji ya mua." Wiki ya pili hupewa dawa ya malaria. Wiki ya nne huambiwa ni homa ya ini, apumzike na ale vitu vitamu. Wiki ya sita yuko kwa mganga anayechanja chale juu ya ini, au kwa mhubiri anayemtaka aache dawa. Sisi hatuwadharau wazee wetu wala mizizi yao, na sala hatuisemi vibaya. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na hatusikii kwamba aliacha kazi yake alipoamini. Tunachokisema ni kwamba macho ya manjano yenye mkojo mweusi na choo cheupe hayatoki katika chale. Wengi wao wenye macho hayo hawana saratani: wana homa ya ini, au mawe, au selimundu. Hata hao pia wahitaji kujulikana ni nini. Mpiga picha wa altrasaundi, katika hospitali ya wilaya, aweza kwa dakika chache kuona kama mirija ya nyongo imetanuka. Ikiwa imetanuka, mgonjwa huyo si wa kurudishwa nyumbani na vidonge. Ni wa kuandikiwa rufaa siku hiyo hiyo, apigwe picha ya CT, ambayo siku hizi imefika katika hospitali kadhaa za rufaa za mikoa, tena si kitu cha Muhimbili peke yake.

Tunasisitiza siku hiyo hiyo kwa sababu wapasuaji wa maradhi haya hutaka picha isiyopita wiki nne kabla ya kushika kisu. Picha ya zamani kuliko hapo hawaiamini, maana uvimbe uliokuwa haujaushika mshipa mkubwa wa damu waweza kuwa umekwisha kuushika. Barua ya rufaa iliyolala mezani miezi miwili ni barua iliyokufa.

Dalili ya pili haionekani kwa macho, na wengi hawaijui. Ni kisukari kinachoanza ghafula kwa mtu aliyepita miaka 50, asiyenenepa bali anayekonda. Kisukari tukijuacho cha ukubwani kwa kawaida huandamana na mwili kuongezeka. Mtu anapoanza kuwa na sukari nyingi huku suruali inamlegea, kongosho lenyewe laweza kuwa linaumwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha ya kwamba kati ya watu wa umri huo wanaopata kisukari kipya, kama mmoja katika kila 120 hivi huonekana kuwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Ni wachache, wala mwenye kisukari asikose usingizi kwa kusoma maneno haya. Lakini mganga wa kliniki ya sukari anayepima uzito kila mwezi na kuuandika katika kadi anayo habari ya thamani mkononi. Aitumie, asiiandike tu.

Kuna na wale wa kurithi. Rais Jimmy Carter wa Marekani alimpoteza baba yake kwa saratani ya kongosho mwaka 1953, kisha dada yake Ruth mwaka 1983, ndugu yake Billy mwaka 1988, na dada yake Gloria mwaka 1990. Yeye mwenyewe aliishi miaka 100, akafa mwezi wa Desemba, 2024, kwa uzee wake. Alipoulizwa, Carter alikuwa akitaja tofauti moja: wote wale walivuta sigara, yeye hakuvuta. Familia moja si ushahidi wa kutosha kwa sayansi, lakini utafiti mwingi wakubaliana naye kwa upande wa tumbaku: mvutaji hatari yake ni karibu mara mbili ya asiyevuta. Kwa familia za namna hii, ambazo ndugu wawili au zaidi wa damu wamekufa kwa maradhi haya, ndiko kupima bila dalili kuna faida. Katika ripoti ya mwaka 2022 kutoka vituo vya Marekani vilivyowafuatia watu zaidi ya 1,400 wenye hatari ya kurithi, tisa walipatikana na saratani kwa uchunguzi wa kila mwaka, na saba kati ya hao uvimbe wao ulikuwa katika hatua ya kwanza. Saba kati ya tisa! Basi mtu akifiwa na baba na shangazi kwa tumbo lililovimba na macho ya manjano, asione haya kumwambia daktari. Desturi yetu ya kuficha jina la maradhi yaliyomwua mzee, tukasema tu "aliugua muda mfupi", ina adabu yake, ila inawanyima watoto habari ambayo ni mali yao.

Juu ya tumbaku yenyewe twajua tunagusa ngozi laini. Tabora na Urambo zaishi kwa zao hilo, na hazina ya taifa hupata fedha za kigeni kwalo. Mkulima aliyeambiwa alime hana lawama. Lakini fedha zile zikihesabiwa, na vitanda vya Ocean Road vihesabiwe pia katika daftari lile lile. Pombe kali nayo, gongo hasa, huunguza kongosho taratibu, na kongosho lililoungua miaka mingi huwa shamba jema la saratani.

Haitafaa tumwache msomaji akidhani kwamba kuwahi ni kupona. Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama Kuu ya Marekani alikuwa amewahi kuugua saratani ya utumbo mkubwa mwaka 1999, na kwa sababu hiyo alikuwa akichunguzwa kila mara. Katika uchunguzi huo wa kawaida, mwanzoni mwa mwaka 2009, picha ilionyesha doa dogo la sentimita moja hivi katika kongosho lake. Alipasuliwa mwezi wa Februari; kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekwisha kurudi kitini mwake mahakamani. Alifanya kazi miaka mingine kumi na moja, naye akafa mwezi wa Septemba, 2020, kwa saratani ile ile ya kongosho iliyorudi na kusambaa. Mtu aweza kusema ya kuwa alishindwa. Sisi twasema aliyepewa miaka kumi na moja ya kazi hakushindwa. Tofauti yake na Seretse Khama haikuwa cheo wala mali. Mmoja picha yake ilipigwa kabla hajahisi lolote, kwa sababu ya maradhi mengine; mwingine aliishi wakati ambapo mashine ya CT, iliyompiga picha binadamu wa kwanza London mwaka 1971, ilikuwa bado kitu kigeni.

Tena kuna wale watakaochelewa, nao ni wengi. Kujulikana kwao si kazi bure. Mrija uliozibwa waweza kuwekwa kibomba, nyongo ikapita, na ule muwasho unaomnyima mtu usingizi ukakoma. Maumivu ya mgongo ya maradhi haya ni makali, lakini mofini ya kunywa huyatuliza kwa gharama ndogo. Wenzetu wa Uganda walianza kuitumia tangu Hospice Africa ilipofunguliwa Kampala mwaka 1993, na wameonyesha ya kwamba yaweza kumfikia mgonjwa hata kijijini. Mgonjwa anayelia usiku kucha katika nyumba ya tope si mapenzi ya Mungu. Ni chupa ya dawa ambayo haijafika.

Limebaki neno la kazini, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Mfanyakazi huona macho yake ya manjano katika kioo asubuhi ya tarehe kumi. Nyapara amekwisha kumwambia kwamba asiyekuja leo, kesho nafasi yake ina mtu. Basi hungoja mwisho wa mwezi apate mshahara na nauli. Mwezi ukiisha kuna ada ya shule. Hungoja wa pili. Hivyo wiki nne za wapasuaji zimekwisha kupita mara mbili, si kwa ujinga wala kwa uganga, bali kwa hofu ya kupoteza ujira.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara mzima, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi mfanyakazi alete cheti cha daktari. Ni sheria nzuri, na wengi hawaijui. Makatibu wa matawi ya wafanyakazi waisome kwa sauti mikutanoni. Lakini sheria ile ile kwa kawaida haimpi likizo yenye malipo mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini, na twajua wote jinsi vibarua wanavyosimamishwa mwezi wa tano wakaandikwa upya. Mtu wa namna hiyo aweza kufanya kazi kiwanda kimoja miaka minane, na katika daftari asionekane kuwa ametimiza miezi sita hata mara moja.

Sheria huweka kiwango cha chini. Haimkatazi mwajiri kutoa zaidi. Mikataba ya hali bora inapojadiliwa baina ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, na kiandikwe humo kifungu kimoja: ya kwamba mfanyakazi yeyote, awe wa kudumu au kibarua wa wiki moja, akionekana na macho ya manjano, aruhusiwe siku hiyo hiyo kwenda hospitali kwa malipo, na aruhusiwe tena siku ya rufaa yake. Viongozi wa Chama walio katika bodi za mashirika ya umma waanze na mashirika hayo. Gharama yake kwa mwajiri ni ujira wa kibarua wa siku mbili.